Njano, Isiwe Haradali

Kiti namba tisa kililipiwa tangu Februari,
pauni thelathini na mbili, chai na keki humo humo,
na kanuni ya chama, niliyoiandika mimi mweka hazina,
yasema fedha hairudishwi.
Aprili, Gwyneira akafa.
Nikampelekea mumewe bahasha, pauni zote.
Akanirudishia pale pale mlangoni, viatu vya zizini mguuni:
"Kanuni ni kanuni. Nitakuja mimi."

Basi tukatoka Tregaron wanawake kumi na watatu
na Idwal, mfuga kondoo
asiyejua bandi wala darizi,
kafunga tai ya mazishi,
kapakata mkoba wa mkewe kama trei ya mayai.
Tecwyn dereva alidhani amepata mtu wa kuzungumza naye raga.
Hakupata. Idwal alitazama nje,
mvua ikishona vilima mbio mbio,
mshono ambao Gwyneira angeuambia: fumua.

Ukumbi wa kwanza lilikuwa kanisa lililoishiwa waumini.
Mifarishi imening'inia kutoka roshani:
flana nyekundu kutoka nyumba za wachimba makaa,
suti kuukuu za fundi, kijivu juu ya kijivu, nzito kama deni,
na mmoja mweupe mtupu.
Ukiukabili, huoni kitu.
Ukisogea kando, mwanga unausaliti:
majani, mioyo, konokono, tena majani.
Heulwen akatoa lenzi, akahesabu mishono ya inchi moja.
"Kumi na moja," akanong'ona,
kama anayetaja dhambi ya jirani.
Dilys akagusa. Bila shaka Dilys akagusa,
akakemewa na kijana wa glavu nyeupe
ambaye hata kitufe, naapa, hajawahi kushona.

Idwal alisimama mbele ya ule mweupe
hata chai yake ikapoa.
"Na upande wa nyuma," akaniuliza, "nani huuona?"
Nikamwambia: anayetandika kitanda.
Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei.

Mchana, ukumbi wa wauzaji, taa refu za mnadani.
Hapo akafungua mkoba, akatoa karatasi,
penseli, mwandiko wa Gwyneira ulioinamia kulia:
*Sindano namba kumi.
Subana (ya zamani imetoboka).
Njano mita mbili, ISIWE haradali.*

"Njano ipi?" akauliza muuzaji.

Loo, hapo chama kikagawanyika.
Mererid: siagi, tena ya chumvi.
Heulwen: kiini cha yai la kuku anayezurura.
Mimi, niliyeketi dawati moja na marehemu tangu tuna miaka sita,
nikasema kwa sauti ya mwenye haki
na nilikuwa nabahatisha.
Jora juu ya jora likakunjuliwa
mpaka meza ikawa kama imemwagikiwa adhuhuri,
na Idwal katikati, mikono nyuma,
akipita kama anayekagua kondoo dume.
Akasimama.
"Hii. Hii ndiyo rangi ya dirisha la jikoni
nikirudi usiku wa manane, kondoo wakizaa."

Hakuna aliyebisha. Mkasi ukala mita mbili
na muuzaji akaongeza shibiri, bila kusema.

Nje, mvua imekatika, akaitoa mfukoni atuonyeshe.
Mwanga wa Mungu hauna upendeleo:
haradali.
Haradali kabisa, ya kupaka kwenye soseji.
Wanawake kumi na watatu tukaitazama,
tukasema inapendeza.
Hata Dilys.

Njiani alimwomba Heulwen amwonyeshe
jinsi ya kutunga uzi. Basi linayumba, tundu dogo,
vidole vile vilivyozoea kutoa wana-kondoo tumboni
vikajaribu, vikakosa, vikalowesha uzi mdomoni,
na Tecwyn, nilimwona kwenye kioo,
akapunguza mwendo kila penye kona.

Daftari langu, ukurasa wa mwisho:
safari ya Oktoba, kiti namba tisa, kimelipiwa.
Taslimu.
Noti zinanuka sufu.